Kokwa Niliyoila kwa Utani

Juni 7

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, nami nimefungua daftari jipya. Hulianza mvua inapoanza na kulifunga inapokatika. Ni desturi niliyotoka nayo kwetu Labé nilipokuwa mwalimu kijana, kabla sijavuka mpaka nikiwa na suruali mbili na ahadi kwamba ningerudi baada ya masika. Masika yale hayajaisha. Nimezeekea hapa Bamako.

Kibaraza cha nje kinavuja, kwa hiyo baraza letu la Ijumaa limehamia ndani ya duka la Ballo la kutoa nakala. Tuko wanne, wote wastaafu. Siaka Ballo alifundisha fizikia. Mama Diabaté alifundisha mantiki. Cissé alikuwa mkuu wa chuo cha walimu, na sasa ndiye anayepika chai na haruhusu mtu mwingine kugusa birika. Mimi nilifundisha falsafa. Kila Ijumaa mmoja huleta swali, tukalizungumza mpaka mzunguko wa tatu wa chai.

Kiti chenye mikono ni kimoja tu. Ballo alikuwa ameshakikalia.

"Ondoka, mhunzi," nikamwambia. "Watu wako walikitengeneza kwa ajili ya watu wangu."

"Watu wako walikuwa wakikalia mavi ya ng'ombe," akasema. "Chukua ndoo hiyo, utajisikia nyumbani."

Nikakalia ndoo. Sisi Wafulani na watu wa ukoo wa wahunzi ni watani. Tangu tujuane hajawahi kuniita kwa jina langu, nami nisingependa aanze.

Juni 11

Jua. Kumbikumbi wamejaa sebuleni. Mjukuu wangu Dalanda amechelewa tena kurudi kutoka duka la dawa, na aliporudi alikuwa akiimba.

Juni 14, Ijumaa

Swali lilikuwa la Ballo. Alilisoma kwenye kikaratasi, jambo ambalo si kawaida yake: katazo ambalo hakuna tena anayejua sababu yake, je, bado linamfunga mtu?

"Swali halijawekwa sawa," akasema Cissé. Husema hivyo kila Ijumaa. "Kufunga ni nini?"

Mama Diabaté akaligawa swali mara tatu kwa kidole hewani, kama afanyavyo, kisha akaniachia uwanja. Nilikuwa katika siku yangu nzuri. Nilisema katazo bila sababu ni mlango uliochorwa ukutani. Watu wanaupita kwa kuinama ilhali hakuna kizingiti cha juu. Nilisema anayetii bila kujua sababu hatii katazo, anatii woga wake. Hata Cissé aliacha kumimina akanisikiliza.

"Katazo lolote?" akauliza Ballo.

"Lolote."

"Hata la babu zako?"

"Hasa la babu zangu. Walikuwa watu, hawakuwa milima."

Ballo akanywa glasi yake ya tatu taratibu, akaigeuza juu chini kwenye sinia. "Basi umenishinda, Mfulani. Kesho nitakuletea kokwa za kola."

Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Juni 15

Lazima niandike polepole.

Ballo alikuja asubuhi amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi ana kifurushi cha majani mabichi. Nikamwambia, "Leo mhunzi amevaa kama mtu." Hakujibu. Nilidhani anatafuta tusi kubwa zaidi. Alikaa mkekani, akaweka kifurushi mbele yangu kwa mikono miwili.

Cha mtani ni changu. Nilikinyakua, nikakifungua, nikachagua kokwa iliyo nyekundu kuliko zote, nikaing'ata. "Kodi yako imepokelewa," nikasema.

Alinitazama nikitafuna. "Umekula," akasema.

"Nimekula, na hizo nyingine nitazila pia. Umeleta chache."

Akainuka, akaaga kwa adabu, akaondoka. Nilipogeuka nilimwona Dalanda kwenye mlango wa jikoni, kiganja kimefunika mdomo.

"Babu," akasema, "unajua hizo ni za nini?"

Zilikuwa za posa. Lassina, mtoto wa Ballo, na Dalanda wangu wanapendana tangu mwaka juzi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Kwa kawaida kokwa za posa huletwa na mshenga. Ballo hakumpata mshenga. Hakuna aliyekubali kubeba kola kutoka nyumba ya mhunzi hadi nyumba ya Mfulani, maana hatuoani. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni damu. Ukiuliza damu gani, utaambiwa unyamaze. Basi aliileta mwenyewe. Na kola ya posa ikishaliwa na mkubwa wa nyumba, jibu limetoka.

"Jana jioni Baba Ballo alikuja kutuambia, mimi na Lassina," akasema Dalanda. "Alisema, babu yako amekubali mbele ya watu, tena kwa hoja. Nililia kwa furaha."

"Zile zilikuwa hoja tu, Dalanda."

"Na hoja ni za nini, Babu?"

Nimemlea tangu mama yake alipofariki, naye Dalanda hajaota meno yote. Amezifunga zile kokwa zilizobaki katika kitambaa chenye maji ili zisikauke, ameziweka juu ya friji, na kila nikipita nazitazama.

Juni 16, Jumapili

Dada yangu Kumba hunipigia kila Jumapili kutoka Labé. Ni yeye tu aliyebaki anayekumbuka nyumba ya baba yetu ilikuwa na milango mingapi. Nilidhani nitamficha, lakini habari ilikuwa imeshavuka mpaka kabla yangu.

"Yero, niambie wamedanganya."

"Nilikula kwa utani, dada."

"Basi nenda ukatapike kwa utani."

"Sababu yake ni nini? Niambie sababu, nitaishika."

"Umesoma mpaka umeharibika," akasema. "Ukimtoa mtoto wetu kwa mhunzi, ifute namba hii."

Niliweka simu chini. Nimeshapoteza nchi mara moja. Sijui kama ninaweza kuipoteza tena kwa simu.

Juni 21, Ijumaa

Ilikuwa zamu yangu ya kuleta swali. Nilisema: mtu akila kokwa ya posa akidhani ni mzaha, je, amekubali? Na kama wiki iliyopita alitoa hoja kwamba katazo halimfungi, je, hoja yake inamfunga?

Ballo hakuwepo. Alikuwa amemwachia Cissé ufunguo wa duka. Kiti chenye mikono kilikuwa kitupu na hakuna aliyekikalia.

"Hilo si swali la falsafa," akasema Cissé bila kuinua macho kutoka kwenye mkaa. "Ni la nyumbani."

"Ijumaa iliyopita lilikuwa falsafa."

"Ijumaa iliyopita halikuwa na majina ya watu."

Nikamgeukia Mama Diabaté. Alikuwa akitazama mvua kupitia mlangoni. "Tuzungumze jingine, Barry," akasema, akiniita kwa jina langu la ukoo.

Wakazungumza kama namba zipo kweli au zimebuniwa. Walizungumza vizuri. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye mashine ya nakala, mpaka Mama Diabaté akaifunika kwa turubai.

Juni 24

Mvua. Dalanda amebadilisha maji ya kitambaa. Hasemi nami zaidi ya salamu.

Juni 28

Ballo hakuja.

Julai 5

Ballo hakuja. Nimepita mbele ya nyumba yake mara mbili nikijifanya naenda sokoni. Mara zote mbili nilikuwa na tusi tayari ulimini. Nimerudi nalo.

Julai 12, Ijumaa

Nimejaribu tena, na ningalijua nisingalijaribu.

"Unataka tugeuke wazee wa mtaa?" akasema Cissé. "Leo posa yako, kesho mbuzi wa jirani, keshokutwa mtu na mke wake. Mimi nilianzisha baraza hili ili tukimbie hayo."

"Sisi ni nani basi, Cissé?"

"Sisi ni watu tunaofikiri."

"Kuhusu nini?"

Alisimama. Mkono wake ulikuwa kwenye birika. "Ukilileta tena, nalichukua birika langu naenda zangu. Nakuambia kabisa."

Nikanyamaza. Naandika hapa kwa nini nilinyamaza, kwa sababu pale sikuweza kusema. Katika mji huu, hata kwa fundi viatu wangu wa siku zote, lafudhi yangu hunitangulia, na mtu huniuliza nimetoka wapi na nitarudi lini. Barazani hakuna anayeuliza. Birika likiondoka, sina pengine pa kwenda Ijumaa. Nilipokea glasi ya tatu na nikasema chai ni nzuri. Ilikuwa chungu.

Julai 14, Jumapili

Labé hawakupiga. Nimepiga mimi. Hawapokei.

Julai 20

Mvua siku ya tatu mfululizo. Ukuta wa nyuma umelowa mpaka kimo cha magoti. Nimeota kokwa zimeota mizizi juu ya friji.

Agosti 2

Mtaro umefurika, barabara haipitiki, kwa hiyo Dalanda hakwenda kazini. Tulikaa chumba kimoja bila pa kukwepana. Alikuwa akipanga nguo zake, akasema kama anayetaja bei ya nyanya:

"Lassina amehamishiwa Ségou. Mimi nimepata kazi kwenye duka la dawa huko huko. Mvua ikikatika tutakwenda ofisi ya meya na mashahidi wawili, basi."

"Bila wazee?"

"Wazee wako wapi, Babu?"

"Niulize, Dalanda. Niulize sasa, nitajibu."

"Sitakuuliza tena," akasema. "Nikikuuliza utanipa hoja."

Alikwenda kubadilisha maji ya kitambaa. Anafanya hivyo kila siku, hata akiwa amenikasirikia. Jambo hilo linanitisha kuliko maneno yake.

Agosti 9, Ijumaa

Sikwenda barazani. Jioni mlango ukagongwa, na Mama Diabaté akaingia na mwavuli uliovunjika ubavu. Hajawahi kufika kwangu. Alikunja kitenge chake akakaa kwenye kigoda, akakataa maji.

"Unadhani nilikudharau Ijumaa ile," akasema.

"Ulitazama mvua."

"Unajua jina langu, Barry. Diabaté. Sisi ni wana wa wasifu, waimbaji wa sifa za watu. Nilipokuwa msichana nilichumbiwa na kijana wa ukoo mkubwa, nao hawaoi kwetu. Mjomba wake alikuwa msomi kama wewe, tena mpole. Akasema, hili ni swali zuri sana, tutalizungumza. Wakakaa, wakalizungumza. Ukoo ni nini, desturi ni nini, heshima inatoka wapi. Walilizungumza vizuri mno. Mpaka walipomaliza, kijana alikuwa ameshaoa kwingine."

Nikauchukua mwavuli wake, nikauegemeza ukutani.

"Nikaenda kusoma mantiki," akasema. "Kwenye mantiki herufi haina ukoo. Kwa hiyo Ijumaa ile sikuliogopa swali lako. Niliogopa kwamba tungelizungumza vizuri."

Kisha akauliza: "Unamwogopa dada yako?"

"Ndiyo."

"Na Ballo?"

"Ballo namwogopea nini? Yule ni mtani wangu."

"Ndiyo," akasema. "Na mkwe hataniwi."

Amekwenda zamani na bado nimekaa hapa nilipokuwa. Nilikuwa nimetafuta sababu ya katazo kwenye damu, kwenye vitabu, kwenye vita vya kale. Haikunijia kuitafuta kwenye kiti chenye mikono. Mkwe huinukiwa kwa heshima. Mkwe hanyang'anywi chakula, wala haambiwi amekalia mavi ya ng'ombe. Labda kuna wazee wawili zamani sana waliotaka kuendelea kutukanana, wakawakataza watoto wao. Siwezi kuthibitisha. Lakini ni sababu ya kwanza ambayo imeniuma.

Agosti 11

Sikukuu ya kuchinja. Ballo ametuma paja la kondoo kwa mkono wa Lassina, bila tusi lolote. Nilikipekua kifurushi nikilitafuta.

Lassina ni kijana mrefu, mwenye mikono ya baba yake. Alisimama mlangoni na hakukaa. Nilitaka kumwambia akae. Nilimwambia barabara ina matope, aangalie.

Agosti 23

Kokwa mbili zimeota ukungu. Dalanda amezitupa.

Agosti 30

Mvua nyepesi. Vyura wamepunguza kelele. Inakatika.

Septemba 6, Ijumaa

Nilitoka kabla ya baraza, kitambaa kikiwa mfukoni. Ballo alikuwa dukani, nyuma ya mashine, amevua miwani, anapuliza vumbi kwenye kioo.

"Karibu," akasema.

Hajawahi kunikaribisha. Siku zote nimeingia kwa kufukuzwa.

"Mhunzi, duka limepoa hivi, umekosa mkaa?" nikasema. Niliitupa kama mtu anayejaribu kuwasha kiberiti chenye unyevu. Haikuwaka.

"Siku ile ulikula kama nani?" akaniuliza.

"Kama mtani."

"Nilijua. Nilijua ulipopanua mdomo. Ningeweza kukushika mkono."

"Mbona hukunishika?"

Akatabasamu kidogo. "Tangu nikujue sijamwona mtu akikuzuia kula." Kisha tabasamu likaondoka. "Nilitaka iwe hivyo, Mfulani. Nilikuwa naogopa. Nikasema nikilileta kwa swali la Ijumaa, akalikataa, limekataliwa swali. Nikileta kola, akaitupa, nitasema ilikuwa mzaha. Nilijiwekea milango ya kutokea. Mtu mzima mimi."

"Na mimi nikaipitia hiyo hiyo."

"Wewe ulikwenda kuwauliza akina Cissé kama umekubali. Nimeambiwa yote. Miezi yote hii nilikuwa nangoja uulizwe kama unataka. Hakuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Hata wewe mwenyewe?"

Mtu mmoja aliingia akitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ballo akamtolea, akapokea sarafu, akamwambia Mungu amlinde. Muda huo wote nilisimama na mkono mfukoni, nikikishika kitambaa chenye unyevu. Nilimfikiria Kumba, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ambayo sijaiona tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilimfikiria Dalanda akibadilisha maji. Na nilimtazama huyu mzee mwenye vumbi la wino kwenye nyusi, nikamtazama kwa makini, kama mtu anayetazama kituo basi likiwa limeshaanza kuondoka.

Mteja alipotoka nilikifungua kitambaa juu ya mashine. Nilichagua nyeupe, nikaipasua, nikampa nusu, nusu nyingine nikatia kinywani. Nilitafuna mpaka ikaisha. Ile ya kwanza sikumbuki ladha yake.

"Hii nimeila kama babu yake Dalanda," nikasema. "Nataka."

Ballo alikula yake. Kisha akavua kofia.

"Mzee Yero," akasema, "tunashukuru."

Septemba 8, Jumapili

Nimempigia dada yangu niseme mwenyewe, asisikie kwa watu. Labé hawapokei. Namba sijaifuta, wala sitaifuta.

Nilimwambia Dalanda kwamba nimekula ya pili. Aliuliza, "Kwa hoja gani?" Nikasema bila hoja. Akakaa chini sakafuni palepale, akashika mguu wangu.

Septemba 13, Ijumaa

Sikuleta swali, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Cissé alizungumza kuhusu wakati, kama unapita au sisi ndio tunaoupita. Lakini nilipofika nyumbani nilikuta mfuko mzima wa sukari mlangoni. Dalanda akasema mzee wa birika ndiye aliyeuleta, kwa teksi, na alikataa kuingia. Alisema tu kwamba harusini watu hunywa chai nyingi.

Septemba 22, Jumapili

Wameoana. Kokwa ziligawiwa msikitini, na nilikuwa nikitazama mikono: baadhi ya Wafulani walipokea, wengine waliziacha zipite. Mama Diabaté, ambaye nilidhani hajui kuimba, aliimba sifa za Dalanda mpaka wanawake wa jikoni wakatoka. Lassina aliinama mbele yangu. Nilimwambia akae.

Septemba 29, Jumapili

Wamefika Ségou salama. Juu ya friji hakuna kitu. Labé hawapokei.

Oktoba 11, Ijumaa

Mvua imekatika. Baraza limerudi kibarazani, na leo Ballo amekuja kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Nilipofika alikuwa amekikalia kiti chenye mikono. Nilisimama mbele yake kama siku zote, nikangoja. Aliinuka, akakifuta kwa kiganja, akasema, "Karibu, Mzee Yero. Kaa hapa."

Bado nikangoja. Cissé alikuwa ameshika birika juu na hamimini. Mama Diabaté alitazama barabarani, ingawa hakukuwa na mvua ya kutazama.

"Asante sana, Mzee Siaka," nikasema. "Habari za nyumbani?"

"Njema. Za kwako?"

"Njema."

Akachukua ndoo, akaikalia.

Swali lilikuwa langu. Nilikuwa nimeliandaa wiki nzima: katazo ambalo mtu ameigundua sababu yake baada ya kulivunja. Ni swali zuri. Cissé angesema halijawekwa sawa, Mama Diabaté angeligawa mara tatu. Nikasema leo sina swali. Cissé akamimina mzunguko wa kwanza.

Naandika haya kisha nifunge daftari. Kile kiti nilikipigania miaka yote hiyo na sikuwahi kukikalia zaidi ya dakika chache kabla ya kusukumwa. Leo nilikikalia mpaka glasi ya tatu. Mkono wa kiti wa kulia umelegea, na kwenye egemeo kuna msumari uliotokeza unaochoma kiunoni. Ballo amekuwa akichomwa nao kila Ijumaa, na hakuwahi kuniambia.

Nami sikumwambia.